Chanya Mbili

Damu ya Mama Kibibi ilikataliwa asubuhi, dirishani, mbele za watu.

Alikuwa amekwenda kumtolea wifi yake, dada wa mumewe, aliyelazwa wodini akisubiri kupasuliwa uvimbe. Ukoo mzima ulikuwa umepigiwa simu, na ukoo mzima ulikuwa umejibu "tuko pamoja." Waliofika walikuwa wawili tu: yeye, mpishi wa kantini ya kiwanda, na mumewe, mshona makochi ambaye mtaa wote ulimwita Fundi. Walipokwisha kutolewa damu kidogo ya kupimwa, walikaa bega kwa bega kwenye benchi, kila mmoja amebana pamba kwenye kiwiko, wakitaniana damu ya nani ni nzito zaidi.

Dirisha likafunguliwa. Mhudumu wa maabara akatoa nusu ya uso.

"Baba, ingia ndani ukalale kitandani. Mama, wewe nenda nyumbani."

"Nyumbani? Mbona nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya hili?"

"Damu yako haifai. Ina homa ya ini. Shika karatasi, kamwone daktari."

"Haifai vipi na mimi siumwi popote?"

"Kamwone daktari, mama. Mimi kazi yangu kupima. Anayefuata!"

Mwanamke aliyekuwa amekaa naye benchi moja aliuinua mkoba wake taratibu, akauhamishia upande wa pili. Mama Kibibi aliona, akajifanya anasoma karatasi.

Daktari hakuwepo. Muuguzi wa kliniki ya ini aliitazama ile karatasi, akasema nyumba nzima ije ipimwe, vipimo kamili, halafu siku ya kliniki waje wote waelezwe. "Usiogope," aliongeza, huku akiandika jina la mwingine.

*

Majibu yalitoka kabla ya siku ya kliniki. Fundi ndiye aliyeyachukua, akaja nayo yamekunjwa kwenye mfuko wa shati la kazi, pamoja na chaki na sindano zake nene za kushonea viti. Wifi alikuwa ameshapasuliwa salama, na alikuwa amelala sebuleni kwao kwenye kochi la mteja lililokuwa linasubiri kitambaa. Damu aliyoongezewa ilikuwa ya kaka yake.

"Soma," Fundi alimwambia binti yake mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili. "Usiruke kitu."

Binti alizitandaza karatasi nne juu ya meza. Kila karatasi ilikuwa na mistari mitatu, na kila mstari ulianza na herufi ambazo mwalimu wake hakuwahi kuziandika ubaoni.

"Mama: chanya, hasi, chanya. Baba: hasi, chanya, chanya." Sauti ilianza kumpungua. "Mimi: hasi, chanya, hasi. Kibibi: hasi, hasi, hasi."

"Chanya maana yake unao," wifi alisema kutoka kwenye kochi. "Hata mtoto mdogo anajua."

Fundi alihesabu kwa kidole. Mkewe alikuwa na chanya mbili. Yeye pia mbili. Binti moja. Alirudia kuhesabu kana kwamba kipimo cha kitambaa kimekataa kukaa sawa.

"Mbili kwa mbili," alisema. "Umenigawia nusu kwa nusu, mama. Hukupunja."

"Baba Kibibi, tungoje daktari."

"Daktari ataongeza nini hapa? Kimeandikwa. Na mtoto umempa."

Binti mkubwa alikuwa anajitazama viganja, anatafuta rangi ya manjano. Wifi alijiinua, mkono mmoja umeshika mshono wa tumbo.

"Kaka, ngoja kwanza. Ulipokuja kunitolea damu, ulikuwa na hizi chanya?"

Fundi alitazama karatasi yake.

"Damu yako ndiyo iliyomo ndani yangu!" Alianza kulia kwa sauti, na dirisha lilikuwa wazi. "Jamani, nimepona uvimbe nimewekewa kifo! Mwanamke huyu katumaliza ukoo mzima kwa mkupuo!"

"Mimi nilikuja kukupa damu, wifi."

"Ulikuja kunimalizia!"

Fundi alisimama. Hakuwa mtu wa kupiga, na hakupiga. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini ambayo mkewe aliiogopa kuliko kofi, "Ulikuwa na nani?"

"Na wewe. Maisha yangu yote nimekuwa na wewe."

"Homa ya ini haidondoki na mvua. Nimeuliza watu. Inapita mle mle inamopita ile nyingine. Sasa nakuuliza tena mbele ya dada yangu: ulikuwa na nani?"

Mama Kibibi alimtazama binti yake, kisha akatazama sakafu. Aibu ya kuulizwa swali lile mbele ya mtoto ilimshinda, hakujitetea. Fundi aliuona ukimya huo akauchukua kuwa jibu.

Jioni hiyo alihamishiwa stoo ya nyuma, kwenye sponji na mabaki ya vitambaa. Fundi mwenyewe alimtandikia sponji mbili nzuri, akazipigapiga kwa kiganja kama anavyofanya akimkabidhi mteja. "Mpaka tujue la kufanya," alisema. Sufuria moja, sahani moja na kikombe kimoja vilimfuata. Kibibi, kitinda mimba wa miaka mitatu, hakuruhusiwa kumfuata.

"Huyu ndiye pekee aliye safi," wifi alisema, akimvutia mtoto kifuani. "Hasi zote tatu. Huyu tumuokoe."

*

Kantini walijua kabla hajafika. Msimamizi alimwita pembeni, kwenye mlango wa kuingizia magunia, akaongea naye akiwa amesimama mbali kama mtu anayekwepa mvuke wa sufuria.

"Siyo kwamba nakufukuza. Elewa hapo. Nakupumzisha."

"Daktari bado hajasema kitu, bosi."

"Mimi napikia watu mia mbili. Mmoja akiumwa tumbo tu, tumbo la kawaida, nitasema nini? Jiweke wewe mahali pangu."

"Miaka yote hii nimewapikia. Nani ameugua?"

Msimamizi alijikuna shingo. Lilikuwa swali zuri, hivyo alikasirika. "Aproni iache hapo nje. Usiingie nayo ndani."

Aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya gunia. Muosha vyombo alitokeza na fimbo ya kudekia, akainyanyua aproni kwa ncha ya fimbo, akaitia kwenye pipa la taka. Wiki iliyopita walikuwa wanagawana mafuta ya kujipaka.

Stooni, siku zilikwenda polepole. Binti mkubwa alimletea habari za ndani kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo: shangazi amemwaga dawa ya kufulia choo kizima mpaka macho yanawasha, shangazi amesema uji wa mama usipikwe jiko moja na wa wengine, baba hali chakula. Kibibi alikuwa akija kusimama uani, anatazama mlango wa stoo, anaita. Mama akiitika, shangazi anatoka na kumbeba mtoto anayerusha miguu.

"Mama," binti aliuliza siku moja, "na mimi nitavimba tumbo kama bibi?"

Bibi, mama yake Mama Kibibi, alikufa na tumbo limejaa maji, macho ya njano, mikono imekauka. Watu walisema amerogwa. Mama Kibibi alikuwa msichana wakati ule, ndiye aliyemgeuza kitandani. Hakuwahi kuufikiria ugonjwa ule kama kitu chenye jina.

"Wewe huvimbi," alisema, bila kujua kama anasema kweli.

*

Siku ya kliniki Fundi alikwenda mbele, mkewe nyuma, binti mkubwa katikati amembeba Kibibi. Wifi alikataa kubaki nyumbani. Alikuja akitembea kwa kujishika tumbo, kwa sababu, alisema, anataka kusikia kwa masikio yake mwenyewe amebakiza muda gani.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua. Alizipanga karatasi nne mezani, akatazama nyuso, kisha akatazama jinsi walivyokaa: wanne upande mmoja, mmoja upande wa pili karibu na mlango.

"Mmeshajisomea," alisema.

"Tumesoma," Fundi alijibu. "Chanya mbili kwa mbili."

"Hapo ndipo mlipokosea, na si kosa lenu. Tuliwapa karatasi bila maneno." Alipenga kamasi, akasogeza kiti. "Chanya hazihesabiwi kama magoli. Kila mstari unauliza swali lake. Mstari wa kwanza, huu ulioandikwa HBsAg, unauliza: kirusi kimo mwilini leo? Wa pili, anti-HBs, unauliza: una kinga? Wa tatu, anti-HBc, unauliza: kirusi chenyewe kiliwahi kukuingia, iwe zamani au sasa? Kwenye mstari wa pili, chanya ni habari njema. Ndiyo tunayoitaka. Tumeelewana?"

Hakuna aliyemwelewa bado. Akachukua karatasi ya binti.

"Huyu: kirusi hakimo, hakijawahi kumwingia, na kinga anayo. Kinga kaipata wapi? Kwenye chanjo, alipokuwa mchanga. Hii chanya yake moja ni ngao. Binti, huumwi, na hutaugua ugonjwa huu."

Binti alianza kulia kimyakimya. Tangu karatasi zije alikuwa akinywea kikombe alichokificha chini ya kitanda.

"Baba. Mstari wa kwanza hasi: kirusi hakimo. Wa tatu chanya: kiliwahi kukuingia. Wa pili chanya: mwili ulipigana nacho ukakishinda, ukabaki na kinga. Umepona kitu ambacho pengine hukujua unaumwa. Uliwahi kuwa na macho ya njano?"

Fundi alifikiri. Mkewe ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Mwaka tuliooana. Alilala wiki tatu, mkojo kama chai ya rangi. Tulidhani malaria. Mimi ndiye niliyemuuguza."

"Ndipo hapo. Mtu mzima akiupata, mara nyingi mwili huufukuza wenyewe. Leo hawezi kumwambukiza mtu wala kuambukizwa tena na mkewe."

"Na damu aliyonipa?" wifi aliuliza, sauti imekauka.

"Ilipimwa, kirusi hakikuonekana, ndiyo maana ikapokelewa. Ukitaka moyo wako utulie, nenda dirisha la pili ukapimwe na wewe, na kama huna kinga uchanjwe. Ningekushauri hivyo hata bila ya hii damu."

Kisha aliinua karatasi ya Mama Kibibi, na safari hii akamgeukia yeye peke yake. "Sogea karibu, mama. Kiti hiki ni chako." Alingoja mpaka amekaa. "Wako: kirusi kimo. Kinga hakuna. Sitakuficha. Tutarudia kipimo baada ya miezi sita. Kikiwa bado kimo, basi ni cha kukaa. Mama yako mzazi alikuwa mzima?"

"Alikufa kwa tumbo."

"Limejaa maji?"

"Ndiyo."

"Basi inawezekana sana alikupa wakati anakuzaa. Mtoto mchanga akikipata, mara nyingi mwili wake hauwezi kukifukuza, kinakaa naye kimya miaka na miaka. Kuna kipimo cha kujua kirusi ni kingi kiasi gani, na vya kuliangalia ini. Wengine hatuwapi dawa, tunawaangalia tu kila baada ya miezi kadhaa. Wengine wanameza kidonge kila siku. Si kwamba kinaondoka, ila kinatulizwa kisiharibu ini. Pombe usiguse. Na usimeze miti shamba ya kuokota."

"Kazini nimesimamishwa. Napika."

"Hakiambukizi kwa chakula. Wala sahani, wala kikombe, wala kukumbatiana. Kinapita kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Wembe wako na mswaki wako viwe vyako, kidonda kifunikwe, basi. Nitakuandikia barua ya kazini."

Fundi alikohoa. "Daktari, kwa hiyo... nani alimpa mwenzake?"

"Karatasi haisemi nani alimpa nani, baba. Na haijui habari za nje ya ndoa. Kama uliitumia kwa kazi hiyo, ilikuwa kazi siyo yake."

Wifi alimchukua Kibibi kutoka kwa binti, akamkumbatia kwa nguvu. "Angalau huyu," alisema. "Huyu hana hata moja. Hasi tupu."

Daktari aliichukua karatasi ya mwisho, na kwa mara ya kwanza uso wake ukakunjamana. "Huyu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote. Hasi tatu maana yake kirusi hakimo, sawa. Lakini kinga pia hana. Yuko wazi kama nyumba isiyo na mlango, na anaishi na mtu mwenye kirusi. Kuzaliwa kwake bila kukipata ni bahati tu. Chanjo zake zilikwenda vipi?"

Mama Kibibi alimtazama mumewe.

"Ya kwanza alichemka mwili," Fundi alisema hatimaye. "Nikasema basi, asirudishwe."

"Mimi ndiye niliyekuambia," wifi alisema kwa sauti ndogo. Labda ndiyo kauli ya haki kuliko zote alizotoa mwezi ule.

"Leo wamekwisha kufunga chumba cha chanjo," daktari alisema. "Kesho asubuhi. Msikose."

*

Njiani Fundi alipunguza mwendo mpaka akawa sawa na mkewe. Tangu karatasi zije hawakuwahi kutembea sambamba.

"Mama Kibibi. Urudi ndani."

Aliendelea kutembea.

"Nimefikiria. Tutawaambia watu hospitali ilikosea. Karatasi zilichanganywa, za kwako zilikuwa za mtu mwingine. Inatokea. Kantini watakurudisha bila maneno, mtaa utanyamaza. Vidonge, kama vipo, utameza chumbani. Nani atajua?"

"Na daktari ameniandikia barua."

"Barua inasema unao. Mimi naongelea usionekane unao." Akashusha sauti zaidi. "Na ile ya kwamba mimi niliwahi kuwa nao, hiyo haina haja hata kidogo."

Alikuwa anamwomba. Mama Kibibi aliusikia ule woga kwenye sauti yake, woga wa mkoba kuhamishiwa upande wa pili, na kwa kitambo kidogo alimhurumia. Halafu akakumbuka kwamba yeye hakuhurumiwa.

Nyumbani, majirani wawili walikuwa wamekwishaketi barazani, wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Fundi hakungoja. "Walikosea hao," alitangaza kabla hajavua viatu. "Karatasi za watu wengine. Mke wangu hana kitu."

"Heee! Tunamshukuru Mungu!" Mmoja alipiga vigelegele. Wa pili alimshika Mama Kibibi mkono, mkono uleule ambao juzi alikuwa ameukwepa gengeni. Mlango ulikuwa wazi, chumba chake kilikuwa ndani, watoto walikuwa ndani. Alichotakiwa kufanya ni kutabasamu.

"Hawakukosea," alisema.

Vigelegele vilikatika.

"Ninao. Hauambukizi kwa sahani wala kwa mkono, huo unaweza kuendelea kuushika. Unapita kwa damu na ndoa na uzazi. Mama yangu alikufa nao mkasema karogwa. Na nyinyi mkapimwe, na watoto wenu muwachanje."

Mkono uliachiwa. Jirani alijifuta kwenye nguo, bila hata kujua kwamba anajifuta. Wote wawili walikumbuka shughuli nyumbani kwao.

"Nimekufungulia mlango," Fundi alisema walipobaki peke yao. "Umeufunga mwenyewe."

"Ulinifungulia dirisha, Baba Kibibi. Ulitaka nipite nimeinama."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya mshono. Aliingia ndani, akajilaza kwenye kochi la mteja, akageukia ukutani.

Jioni ile ile msimamizi wa kantini aliipokea barua ya daktari mlangoni pa magunia. Aliisoma mpaka mwisho, akakubali kwamba imeandikwa vizuri, akasema nafasi imeshajazwa.

*

Foleni ya chanjo ilikuwa ndefu, ya akina mama wenye watoto wachanga migongoni. Kibibi peke yake ndiye aliyeweza kusimama kwa miguu yake, na aliwaringia wadogo wote waliolia. Alikuwa amelala na mama yake stooni usiku uliotangulia. Fundi alimwona akibebwa kupelekwa huko, akainamia kochi lake akaendelea kupigilia misumari.

"Mbona kachelewa hivi?" muuguzi aliuliza.

"Nilisikiliza watu," Mama Kibibi alijibu. "Mpe tu. Na unipe tarehe za nyingine."

Alimpakata mtoto, akambana miguu katikati ya mapaja yake, akaushika mkono mdogo usiondoke. Kibibi alitazama sindano, akamtazama mama, bado anacheka. Kisha ikaingia.

Kilio kilijaza chumba. Mtoto alijipinda, akapata upenyo, akamtandika mama yake kofi la shavu.

"Mama mbaya! Mama mbaya wewe!"

Foleni nzima ilicheka. Mwezi mzima Mama Kibibi alikuwa ameitwa majina mengi, na yote aliyakataa moyoni hata alipokosa nguvu ya kuyakataa kwa mdomo. Hili alilipokea.

"Ndiyo, mama mbaya," alisema, akiwa bado ameubana ule mkono, mpaka muuguzi alipoweka pamba.